Myles Garrett au T.J. Watt, unamchukua nani? (na Parsons tumweke wapi)

Mtoto wa dada yangu ana miaka 16, tuko nae hapa Columbus, Ohio, anacheza mpira wa Kimarekani shuleni kwao na kocha kamuweka pembeni kwenye ulinzi, yani eji rasha. Tangu msimu uishe kila akija kwangu swali ni lile lile, anko nimwangalie nani, Garrett wa Browns au Watt wa Steelers? Nyumbani kwao penyewe hamna amani, baba ake Browns damu, timu ya Cleveland hapa hapa Ohio (ameshateseka vya kutosha huyo tumwache), rafiki zake wa shule nusu yao wanavaa nyeusi na njano ya Steelers wa Pittsburgh. Nikamwambia ngoja nikuandikie vizuri maana kwa mdomo tunaishia kupigiana kelele. Sasa nimeanza kuandika nikaona na nyie mnaokesha huko Dar na Nairobi kuangalia hizi mechi saa kumi alfajiri mnabishana kitu hiki hiki, basi someni wote.

Kwa wale wa soka tu, haraka haraka. Kwotabeki ndo bosi wa timu inayoshambulia, anapokea mpira, anatafuta mtu wa kumrushia, na ana kama sekunde mbili na nusu hivi, tatu akibahatika. Mbele yake kuna mabonge watano wa kumkinga. Eji anasimama nje kabisa ya hao watano, kazi yake ampite wa mwisho, amfikie kwotabeki mpira ukiwa bado mkononi, amlaze chini. Hiyo ndo saki. Chukulia winga anaemtoka beki wa pembeni, ila huyu beki ana kilo 140 na kitu na sheria inamruhusu akusukume kwa mikono miwili kifuani. Na kama ilivyo kwa winga wa soka, kuna swali la pili ambalo mashabiki huwa hawapendi kuliuliza, je anarudi kukaba? Kwa eji kukaba ni hivi, wapinzani wakiamua kukimbia na mpira kuja upande wake, yupo pale amesimama au ameshapitiliza huko mbele anatafuta saki zake?

Mi msimamo wangu nausema mapema ili msije mkasema nimezunguka: ukianza kwa kuhesabu saki umeshapotea. Saki ni mwisho wa hadithi. Anza na hiki, timu pinzani ilifanya nini ili jamaa asifike? Ukijibu hilo kwa hawa wawili utaona ni wachezaji tofauti kabisa ambao watu wanawaweka kwenye kapu moja kwa sababu tu namba zinafanana.

Na zinafanana kweli. Wametoka drafti moja, 2017 (drafti ni pale timu za NFL, ligi kuu ya huku, zinapochagua kwa zamu vijana wa vyuoni). Garrett aliitwa wa kwanza kabisa, Browns wakamchukua kutoka Texas A&M. Watt akasubiri mpaka namba 30, Steelers, kutoka Wisconsin. Kundi moja, AFC North, wanakutana mara mbili kila msimu. Mpaka msimu wa 2025 unaisha Garrett ana saki 125.5, Watt ana 115 (ile nusu inatokea pale wawili wanapomlaza mtu pamoja wanagawana). Wote wameshashika rekodi ya saki nyingi za msimu mmoja, tutafika huko.

Tuanze na mwili, maana hapa ndo ubishi wa dogo langu unaishia kabla haujaanza.

Garrett ni mita 1.93, kwenye vipimo vya kabla ya drafti kule Indianapolis alikuwa na kilo kama 123, akakimbia yadi 40 kwa sekunde 4.64, akaruka juu akiwa amesimama inchi 41, yani zaidi ya mita moja. Soma tena. Kilo 123 anaruka mita moja kwenda juu. Mikono yake kila mmoja karibu sentimita 90. Hiyo mikono ndo siri kubwa kuliko hata mbio, kwa sababu kwenye ule mstari anaemgusa mwenzake kwanza ndo anaeendesha mchezo, na yeye anakugusa kifuani wakati mikono yako wewe bado iko hewani inamtafuta. Huu mwili haufundishwi. Kocha wa shule hawezi kukupa, maziwa hayawezi kukupa, hata ukila ugali wa dona mwaka mzima.

Watt urefu ni ule ule, kilo 114 hivi, mikono mifupi kwa kama sentimita tano, sekunde 4.69. Ukiangalia hapo unasema mbona kapitwa kila kitu. Ila angalia lile zoezi la koni tatu, la kukimbia na kukata kona, alitumia sekunde 6.79, hiyo ni namba ya watu wadogo wadogo wa mbio sio wa mtu wa kilo zaidi ya mia. Maana yake anaweza kuinama bega likawa karibu na nyasi na bado miguu inakimbia, hapunguzi mwendo kwenye kona. Alafu kumbuka chuoni hakuanza kama mlinzi, alikuwa taiti endi, mtu wa kushambulia, magoti yakamsumbua, akahamishiwa ulinzi 2015, na 2017 mapema ameshachukuliwa NFL. Misimu miwili tu. Kaka ake J.J. Watt alikuwa ameshachukua tuzo ya mlinzi bora wa mwaka mara tatu wakati huo, kwa hiyo mwalimu alikuwepo nyumbani, sawa, lakini bado.

Sasa wanapitaje?

Garrett ana njia nyingi na anasimama popote. Kulia, kushoto, mara nyingine wanamuingiza katikati kabisa mbele ya wale mabonge wa ndani ambao ni wazito na wana miguu mizito, hapo inakuwa sio haki. Mwaka 2023 kuna plei (yani shambulio moja, tangu mpira unapoanza mpaka unaposimama) alisimama wima katikati ya uwanja akafanya kama anadribo mpira wa kikapu, kulia kushoto kulia, alafu akaingia. Watu walicheka mtandaoni wiki nzima ila kocha akiangalia ile plei hacheki, anaona mzuiaji ambae hajui aweke uzito mguu gani. Njia yake ya msingi ni hatua ya kwanza ndefu sana nje, mzuiaji anakimbilia nje kumfunga, na hapo hapo anakatwa ndani. Ukikaa ndani anakuzunguka nje, ukimkimbilia nje anaingia ndani, ukisimama katikati anakuwekea mkono mmoja kifuani anakurudisha nyuma mpaka unamkalia kwotabeki wako mwenyewe miguuni. Ndo maana timu nyingi huwa zinamuwekea watu wawili, na mara nyingine na wa tatu anampiga kikumbo akipita.

Watt yeye karibu maisha yake yote anasimama upande mmoja, kushoto kwa ulinzi, anamtazama mzuiaji wa kulia. Anasimama wima, haweki mkono chini. Alichonacho ni muda. Yani anaisoma snepi, ule wakati mpira unatoka kati ya miguu ya mtu wa katikati, kuna plei ukiangalia unadhani ameotea, ukirudisha nyuma unakuta yuko halali, ametoka pamoja na mpira. Alafu mkono. Anaupiga mkono wa mzuiaji kutoka upande kama unavyokata tawi la mpera kwa panga, mkono unashuka, bega linaingia pale pale palipokuwa na mkono, kona. Hiyo ndo plei yake, kila mtu anaijua, waliojua wote wamelizwa nayo miaka nane. Na akifika hamwangushi tu kwotabeki, macho yake yako kwenye mpira. Mwaka 2019 peke yake aliwatoa watu mpira mkononi mara nane, 2024 mara sita. Saki inakurudisha nyuma yadi saba nane, fambo, yani mpira kukutoka mkononi, inakunyang'anya mpira kabisa, na wanaoelewa mchezo watakwambia hizo ni bidhaa mbili tofauti zenye bei mbili tofauti.

Pia Watt anarudi nyuma kukaba pasi, kwa mfumo wa Steelers eji ni nusu mshambuliaji nusu beki, ananyaka pasi, anazigonga hewani. Garrett hiyo kazi hapewi na wala usimuombe.

Ngoja niwape mechi mbili ambazo mtu akitaka kuelewa aanze nazo.

Ya kwanza, Oktoba 2023, Browns wako Indianapolis na Colts. Garrett saki mbili, zote mbili ametoa mpira mkononi kwa kwotabeki, moja wenzake wakaukuta ndani kabisa ya eneo la mwisho wakaulalia, pointi. Hiyo haitoshi. Colts wanataka kupiga fildi goli, ule mpira wa mguu wa pointi tatu, Garrett anarudi hatua chache nyuma, snepi inatoka, anakimbia anaruka juu ya mstari mzima wa watu. Juu ya watu, sio kati yao. Anatua upande wa pili amesimama na anazuia mpira kwa mikono. Browns walishinda 39 kwa 38. Pointi moja! Colts wangepata hizo tatu alizozuia, Browns wamefungwa.

Ya pili, Septemba 2023, Jumatatu usiku pale Pittsburgh, na safari hii wako wote wawili uwanjani. Steelers mashambulizi yao hayana kitu, hawasogei kabisa. Kota ya nne, ile ya mwisho, wamezidiwa. Alex Highsmith, eji mwenzake Watt wa upande wa pili, anamfikia Deshaun Watson, kwotabeki wa Browns, anamtoa mpira, mpira unadunda chini, na nani yupo pale? Watt. Anauokota anaingia nao yadi 16 mpaka ndani. 26 kwa 22, ubao ukabaki hapo. Usiku huo huo alivunja rekodi ya saki ya klabu iliyokuwa ya James Harrison. Lakini mi nachotaka muangalie ni miguu ya Watt kwenye ile plei, mpira unatoka mkononi kwa Watson yeye yuko upande wa pili kabisa ameshapigwa kizuizi, angeweza kusimama kama wengi wanavyosimama, hakusimama.

Kwa hiyo msimu wa 2023 ukaisha Watt ana saki 19, wa kwanza ligi nzima, Garrett ana 14. Tuzo ya mlinzi bora wakampa Garrett. Pittsburgh nzima ikawaka, Watt mwenyewe akaandika mtandaoni kiaina kwamba ameshazoea. Na hapa ndo penye somo langu lote. Waliompa Garrett walisema angalieni anakabwa na wangapi, angalieni mara ngapi anampita mtu hata kama mpira umeshatoka. Waliomtaka Watt walisema sisi tunaangalia mpira uko wapi baada ya plei. Wote wana hoja. Mi binafsi mwaka ule ningempa Watt, na sababu ni kwamba Garrett bega liliumia Denver mwezi wa 11 na baada ya hapo saki zikakauka, tuzo ya msimu ni ya msimu mzima. Shemeji yangu hajanisamehe mpaka leo.

Rekodi sasa. Michael Strahan wa Giants aliweka 22.5 mwaka 2001, na ile ya mwisho watu mpaka kesho wanasema kwotabeki Brett Favre alijilaza mwenyewe. Watt akaifikia msimu wa 2021, saki 22.5 kwenye mechi 15 tu, mbili alikosa. Garrett akaipita msimu wa 2025, saki 23, ya mwisho akimlaza Joe Burrow wa Cincinnati kwenye mechi ya mwisho kabisa ya msimu, mechi 17. Mashabiki wa Steelers watakwambia gawanya kwa mechi. Sawa, gawanya, Watt anashinda hesabu. Ila niambie Garrett alikuwa anacheza kwenye timu gani? Browns ile ilimaliza na ushindi mechi 5, vipigo 12. Hili watu hawalioni: eji anapata saki pale wapinzani wanapolazimika kurusha mpira, na wanalazimika pale wanapokuwa nyuma. Timu yako ikiwa imefungwa, wapinzani wanakimbia tu na mpira, wanakula saa, hamna pasi, hamna kwotabeki wa kulaza. Jamaa alipata 23 kwenye timu ambayo muda mwingi iko nyuma. Kuna mechi na Patriots mwezi wa 10 alipata saki tano peke yake na wakapigwa 32 kwa 13. Tano! Mtu analaza kwotabeki mara tano na anaenda nyumbani amefungwa mabao ya kutosha, hapo ndo nilimuonea huruma shemeji kwa mara ya kwanza.

Haya mapungufu, na nisije nikaonekana nimependelea.

Garrett kwenye mpira wa kukimbia sio mbaya kama wanavyosema ila sio mzuri kama anavyopaswa kuwa kwa mwili ule. Chini ya Jim Schwartz, kocha wao wa ulinzi kuanzia msimu wa 2023 mpaka wa 2025, Browns walikuwa wanawaweka maeji mbali sana nje na maelekezo yalikuwa nenda mbele kwanza, mengine utayakuta huko huko. Hiyo ilikuwa inampa mbio za kumfikia kwotabeki, na hiyo hiyo ilikuwa inaacha mlango wazi nyuma yake, rani beki (yule anaekimbia na mpira) mjanja anasubiri Garrett apite alafu anapita pale alipotoka. Nusu ya kosa ni la mfumo, nusu ni lake maana kuna plei mpira unaenda upande wa pili na yeye ameshaanza kutembea. Mtafute kwenye kota ya nne timu ikiwa imeshapigwa utaona. La pili, misimu yake mingi ilikuwa inaanza kwa moto inaisha kwa majivu, bega 2023, korona 2020. Msimu wa 2025 ndo umevunja huo mwiko. La tatu ni lile la Novemba 2019, dhidi ya hao hao Steelers, alimvua kwotabeki wao Mason Rudolph helmeti akampiga nayo kichwani, akafungiwa mechi sita zilizobaki. Hajarudia kitu kama hicho, na imeshapita miaka, ila ukilinganisha watu unaandika vyote.

Watt tatizo lake la kwanza nimeshalitaja bila kusema ni tatizo: upande mmoja. Ukijua yuko kushoto kila plei unapanga usiku kucha. Unaweka taiti endi upande ule amgonge kwanza, rani beki amgonge wa pili, mzuiaji amalizie, kwotabeki anakimbilia upande mwingine. Ravens wa Baltimore walifanya hivyo Januari 2025 kwenye plei-ofu, yani mechi za mtoano, 28 kwa 14, na jina la Watt halikuonekana kwenye takwimu za mechi ile, hata kumwangusha mtu mmoja hamna. Mechi kubwa kuliko zote za msimu. Na kwenye plei-ofu kwa ujumla, tangu afike 2017, Steelers hawajashinda hata moja. Garrett anayo moja, Januari 2021, 48 kwa 37, na walimpiga nani? Steelers, kwao. Sio kosa la Watt peke yake, timu ilifungwa 48 jamani, ila mtu akikuuliza bora wa kizazi lazima ujibu.

La pili ni mwili. Septemba 2022 mechi ya kwanza na Bengals wa Cincinnati alikuwa moto, saki, amenyaka na pasi ya Burrow, alafu dakika za mwisho msuli wa kifua ukachanika, mechi saba nje. Desemba 2025 pafu likasinyaa, upasuaji, tatu nje. Msimu huo wa 2025 alimaliza na saki 7 tu. Ana miaka 31. Garrett katimiza 30 Desemba hiyo hiyo akiwa kwenye msimu bora wa maisha yake. Mmoja anapanda mmoja anashuka, na hili silisemi kwa furaha maana Watt ndo nampenda.

Ila kabla hamjamzika. Zile mechi saba za 2022 alizokosa, Steelers walishinda moja wakapigwa sita. Zile kumi alizocheza msimu huo huo walishinda nane. Timu ile ile, kocha yule yule. Mi sijui mlinzi mwingine ambae ukimtoa nyumba inaanguka hivyo. Garrett ukimtoa Browns wanafungwa, ukimrudisha wanafungwa, kwa hiyo huwezi hata kupima.

Pesa, haraka: Machi 2025 Garrett baada ya kuomba kuhama akasaini kubaki, dola milioni 160 miaka minne. Julai Watt akasaini milioni 123 miaka mitatu, 41 kwa mwaka, akampita kidogo. Kama mi ndo nina timu na bei ni hizo hata sifikirii mara mbili, umri unaongea.

Na Micah Parsons? Kuna mtu lazima atauliza. Mdogo kuliko wote, kazaliwa 1999, namba 12 kwenye drafti ya 2021, saki 12 au zaidi kila msimu kwa misimu mitano mfululizo. Ni mwepesi, kilo 111 hivi, hatua yake ya kwanza ni kali kuliko hata ya Garrett kwa macho yangu. Dallas wakamuuza Green Bay Agosti 2025 kwa chaguo mbili za raundi ya kwanza na Kenny Clark juu, akapewa milioni 188 miaka minne. Udhaifu wake ni ule ule wa watu wepesi, ukimkimbilia moja kwa moja na mabonge anasukumwa. Desemba 2025 kano ya goti ikakatika pale Denver. Mtu anaeishi kwa hatua ya kwanza na goti la kushonwa, mi nasubiri nione arudi vipi. Mwaka mmoja nyuma ningewaambia mchukueni huyu muende nyumbani.

Kwa hiyo. Unataka mtu mmoja kwa mechi moja kesho, maisha yako yako rehani? Garrett, na usiniulize kwa nini, nimeshaandika ukurasa mzima. Una timu ambayo tayari ina mashambulizi mazuri na inaongoza mechi nyingi, unataka mtu wa kukunyang'anyia mpira dakika za mwisho? Watt wa 2021 mpaka 2023, huyo hapatikani tena dukani, Watt wa sasa ningemchukua kwa nusu ya muda, plei 35 au 40 kwa mechi, na ningemhamisha upande hata kwa lazima. Unatafuta wa miaka mitano ijayo, subiri daktari wa Parsons.

Lakini dogo hakuniuliza amnunue nani, aliniuliza amwangalie nani. Hapo jibu linageuka. Garrett huwezi kumuiga. Utaangalia video zake zote utafurahi utaenda kulala, kesho uwanjani mikono yako bado ni ile aliyokupa mama yako. Mwili peke yake pia hautoshi, wakubwa mnamkumbuka Daniel Adongo, Mkenya wa raga, Colts walimchukua 2013 wakamuweka hapo hapo pembeni kwa sababu alikuwa na kila kitu cha mwili, jasiri, ana mbio, na mechi zake zikawa za kuhesabu kwa vidole maana wenzake walikuwa wanaijua ile kazi ya mikono tangu wana miaka kumi. Watt anaigika. Kusoma snepi ni kazi ya macho. Kupiga mkono ushuke ni kazi ya kurudia. Kuufuata mpira badala ya mtu ni tabia tu. Kosa lake la kusimama upande mmoja nalo linafundisha, nimemwambia amuombe kocha amfundishe pande zote mbili sasa hivi kabla miguu haijazoea.

Jumamosi iliyopita tukaenda nyuma ya nyumba. Nimeegemeza godoro la zamani kwenye uzio ndo mzuiaji wetu, mi nimesimama nyuma yake na mpira nimeuinua sikioni kama kwotabeki, na tumbo langu hili. Mara ya kwanza akaja akanikumbatia mimi, nikamwambia umepata saki, mpira bado wangu. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya sita au ya saba akapiga godoro kwa mkono wa kushoto, akainama, na sikumuona mpaka mkono wake wa kulia unashuka juu ya kiwiko changu, mpira ukaruka ukaenda kutua kwenye mchicha wa dada yangu. Kiwiko bado kinauma, naandika na mkono mmoja hapa.